Shetani Mwekundu na Gari Lake la Stima: Maisha ya Camille Jenatzy



Wale waliohudhuria mjadala wa chama muhula wa pili watakumbuka kwamba mimi nilikuwa upande wa wapingaji. Hoja ilikuwa kwamba gari la umeme linaweza kuchukua mahali pa gari la petroli. Nilisimama nikatamba mbele ya halaiki kuwa gari la stima ni sawa na kile kigari cha mtoto kinachotiwa mawe ya tochi: halina nguvu, halina mbio, na likionyeshwa mlima linakata roho. Watu wakapiga makofi, nami nikaketi nikijiona simba. Kumbe mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa ameketi nyuma, kimya. Tulipotoka aliniita kando akaniuliza swali moja tu, kama nilijua gari la kwanza duniani kupita kilomita 100 kwa saa lilitumia nini. Nikajibu bila kusita kwamba lilitumia petroli. Akatikisa kichwa, akaniambia nikamtafute mtu aitwaye Jenatzy kabla sijafungua tena kinywa changu juu ya magari.

Basi nimemtafuta. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaleta kwenu kama fidia ya maneno yangu ya siku ile.

Camille Jenatzy alizaliwa mwaka 1868 huko Schaerbeek, kitongoji cha jiji la Brussels nchini Ubelgiji. Baba yake, Mzee Constant Jenatzy, alikuwa na kiwanda cha bidhaa za mpira. Mpira ninaousema hapa si ule tunaougombania uwanjani baada ya masomo, bali ni utomvu wa mti unaogemwa na hatimaye kufanywa tairi na vitu vinginevyo. (Mwanafunzi wa Historia hawezi kulipita neno hilo hivi hivi. Miaka ambayo Jenatzy alikuwa kijana, mpira mwingi ulikuwa ukimiminika Ubelgiji kutoka Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, na tunajua uligemwa kwa damu ya nani.) Kwa hivyo kijana huyu alilelewa katika nyumba isiyokosa chakula, akasomea uhandisi, na mapema akashikwa na ugonjwa uliowashika vijana wengi wa tabaka lake siku hizo, yaani ugonjwa wa motokaa.

Alikuwa mtu wa kuonekana. Nywele zake na ndevu zake zilikuwa nyekundu kama moto wa kuni za mkaratusi, na jinsi alivyoendesha ilikuwa kana kwamba ana roho nyingine ameiacha nyumbani kwenye sanduku. Ndiyo sababu Wafaransa walimpachika jina la Le Diable Rouge, yaani Shetani Mwekundu. Jina hilo lilimkaa mpaka kaburini.

Ili tumwelewe Jenatzy, yatupasa kwanza tuelewe jiji la Paris alikohamia kutafuta riziki. Miaka ya 1890 hakuna aliyejua motokaa ya kesho itakuwa ya namna gani. Kulikuwa na madume matatu katika zizi moja: gari la mvuke, gari la petroli na gari la umeme. La mvuke lilitaka maji na moto kwanza. La petroli lilinguruma, lilitoa moshi, lilinuka, na ili liwake ilibidi mtu asimame mbele yake akazungushe mkono wa chuma ambao mara nyingine ulirudi nyuma ghafla ukamvunja kiwiko. Gari la umeme, wee! Ulikuwa unapanda tu, unasukuma wenzo, unaondoka bila kelele. Kama ungemuuliza tajiri wa Paris wa wakati huo, huenda angekwambia la umeme ndilo litakaloshinda.

Jenatzy alifungua kampuni ya kutengeneza magari ya umeme, ya abiria na ya mizigo. Walakini soko hilo lilikuwa na mwenyewe tayari. Charles Jeantaud, fundi hodari wa magari ya farasi aliyegeukia umeme, alikuwa akiwauzia watu haohao. Hapo ndipo ushindani ulipozaliwa. Mtu aweza kudhani kwamba mashindano ya kasi nitakayoyasimulia yalikuwa michezo ya watoto wa matajiri tu. La hasha! Kila sekunde iliyopunguzwa ilikuwa tangazo la biashara. Anayeonekana na gari lenye mbio ndiye atakayeuza teksi nyingi. Tena wenzetu wa matatu wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Tarehe 27 Novemba 1898 kulifanyika mashindano ya kupanda mlima huko Chanteloup, karibu na Paris. Magari ya petroli yalikuwepo. Jenatzy akaja na gari lake la umeme, akayashinda yote. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka maneno yangu kuhusu gari linalokata roho mlimani, nikatamani ardhi ipasuke. Baadaye nilielewa sababu. Injini ya petroli ina nguvu ndogo inapozunguka polepole, na ndiyo maana dereva huhangaika na gia. Mota ya umeme hutoa nguvu zake za kukokota papo hapo inapoanza kuzunguka. Hata leo, ukilishindanisha gari la umeme la bei ghali na gari la petroli la bei hiyohiyo kwenye taa za barabarani, utaona la petroli likiachwa likisafisha koo.

Mwezi uliofuata, tarehe 18 Disemba 1898, jarida moja la magari la Ufaransa liliandaa mashindano ya aina mpya kwenye barabara iliyonyooka ya Achères, nje ya Paris. Kila gari lingekimbia kilomita moja huku likipimwa kwa saa. Bwana mmoja wa ukoo wa kikabaila, Kaunti Gaston de Chasseloup-Laubat, akaja na gari la umeme la Jeantaud, akaimaliza kilomita hiyo kwa sekunde 57. Ukigawa 3600 kwa 57 utapata kilomita 63 na ushei kwa saa. Hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya kasi ya motokaa iliyopata kuandikwa, na iliwekwa kwa stima.

Jenatzy hakuwepo siku hiyo. Habari zilipomfikia damu ilimchemka, akatuma ujumbe wa kumwita Kaunti uwanjani. Walikutana Achères tarehe 17 Januari 1899. Jenatzy akatangulia, akatumia sekunde 54. Rekodi ikawa yake. Lakini kabla hajafuta jasho, Kaunti akapita kwa sekunde 51 na kidogo, ingawa mota yake iliungua akikaribia mwisho. Naam, mtu aliweka rekodi gari likiungua! Rekodi ya Jenatzy haikumaliza hata siku moja.

Siku 10 baadaye Jenatzy akarudi, akafikisha kilomita 80 kwa saa. Tarehe 4 Machi Kaunti naye akarudi na gari lililochongwa mbele ili likate upepo, akafikisha kilomita 92. Jamani, hebu fikirini. Katika muda usiozidi miezi mitatu kasi ya juu kabisa ya motokaa duniani ilikuwa imepanda kutoka 63 hadi 92, na gari la petroli halikutajwa popote. Wanaume wawili, magari mawili ya betri, barabara moja.

Hapo Jenatzy alifanya jambo lililomtofautisha na mwenzake. Hakurudi kulikaza gari la zamani. Alikaa chini akatengeneza gari jipya lisilofaa kwa kitu kingine chochote duniani isipokuwa kuimaliza kilomita moja. Halikuwa na nafasi ya abiria wala ya mzigo. Umbo lake lilikuwa kama risasi kubwa, lenye ncha mbele na nyuma. Bodi yake ilifanywa kwa partiniamu, mchanganyiko wa metali nyepesi wenye aluminiamu ndani yake. Chini yake zilipangwa betri za risasi, ile metali nzito, za kampuni ya Fulmen, zikitoa volti 200. Mota mbili ziliunganishwa moja kwa moja na magurudumu ya nyuma bila mnyororo wala gia, na tairi zilikuwa za Michelin, za kujazwa upepo. Lote pamoja lilikuwa na uzito wa takriban tani moja na nusu.

Alilipa jina la La Jamais Contente. Kwa Kiswahili tungesema Asiyeridhika Kamwe. Wengine husema alilipa jina hilo kwa kumfanyia mtu wa nyumbani mzaha, lakini hayo ni ya nyumba ya watu, tuyaache.

Ukiitazama picha ya gari hilo huwezi kukosa kucheka. Mhandisi amehangaika na umbo la risasi ili upepo uteleze, halafu dereva mwenyewe amekaa juu, kiuno na kifua chote nje, kama mtu aliyepanda punda kwenda sokoni Lamu! Magurudumu nayo yako wazi. Upepo aliouepuka kwa bodi aliukumbatia kwa kifua. Elimu ya hewa na mwendo ilikuwa bado changa.

Tarehe 29 Aprili 1899, Achères. Jenatzy alikimbiza kilomita yake kwa sekunde 34. Fanya hesabu mwenyewe: 3600 gawanya kwa 34, ni kilomita 105.88 kwa saa. Kwa mara ya kwanza mwanadamu akiwa ndani ya motokaa alikuwa amepita kilomita 100 kwa saa. Husimuliwa kwamba baadhi ya watu waliogopa mwili wa binadamu hautahimili kasi kama hiyo. Mimi binafsi sioni kwa nini waogope, maana garimoshi zilikuwa zimeshaipita zamani. Ipo picha ya Jenatzy akiwa ameketi kwenye gari lake lililopambwa maua kama la bibi harusi. Rekodi hiyo ilidumu karibu miaka mitatu kamili, mpaka tarehe 13 Aprili 1902, pale Léon Serpollet alipofikisha kilomita 120 kwa saa mjini Nice. Na hata huyo hakutumia petroli, alitumia mvuke.

Nilipofika hapo nilimwendea mwalimu wa Fizikia nikakiri kosa. Nikamwambia kwamba nimesadiki, gari la umeme ni dume, na muhula ujao nitahamia upande wa pili. Nilidhani atanipongeza. Badala yake akanishika sikio mara ya pili. Alitaka kujua Jenatzy alifanya nini baada ya ile kilomita moja. Je, aliweza kugeuza gari akaenda nalo Brussels kumsalimu baba yake?

Hapo, wenzangu, ndipo penye kiini cha maisha ya mtu huyu, na ningependa tukae hapo kidogo.

Mota zake mbili zikivuta kwa nguvu zote zilikuwa zikila kilowati 50 hivi. Mwalimu wa Fizikia amenisaidia kupiga hesabu: kila moja ampea 124, kwa volti 200, mara mbili. Kwa sekunde 34 huo si umeme mwingi. Lakini kwa saa nzima ni mwingi sana kwa betri za risasi za siku hizo. Tena betri hizo zina tabia ya bahili. Ukiziomba polepole zinakupa zote zilizo nazo, ukizivuta kwa pupa zinakunyima sehemu. Mjerumani mmoja, Wilhelm Peukert, alikuwa ameshaipima tabia hiyo mwaka 1897, miaka miwili kabla ya siku ya Achères. Kwa maneno mengine, kadiri Jenatzy alivyokimbia ndivyo safari yake ilivyofupika. Zikiisha, zilitaka saa nyingi kujazwa. Wazazi wetu wanajua jambo hili. Zamani, kijijini kusipokuwa na stima, betri ya televisheni ilibebwa kwa baiskeli mpaka sokoni ikachajiwe. Uliiacha asubuhi ukaifuata jioni, na kama foleni ilikuwa ndefu ulikosa taarifa ya habari. Hiyo ilikuwa betri moja tu. Jenatzy alikuwa na rundo zima.

Watu wa wakati ule hawakuwa wajinga, waliliona tatizo. Huko New York teksi za umeme zilikuwa na kituo ambapo gari liliingia, betri iliyochoka ikatolewa kwa mitambo na nyingine iliyojaa ikasukumwa ndani, dereva akaondoka baada ya dakika chache. Kwa teksi zinazozunguka mji mmoja ilifaa. Kwa mtu anayetaka kutoka mji huu hadi ule haikufaa, maana nani atamjengea kituo porini? Petroli ilikuwa inabebeka. Ilipatikana hata kwa mwenye duka, ndani ya debe, na kumimina debe ni kazi ya dakika mbili.

Jenatzy alijaribu njia ya katikati. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alitengeneza magari yenye injini ya petroli na umeme pamoja, aina ambayo leo tunaiona kila siku barabarani mwetu ikiletwa kutoka Japani. Alikuwa amewahi mno. Magari hayo hayakumpatia utajiri. Basi kidogo kidogo yule bingwa wa stima akawa dereva wa petroli. Mwaka 1902, katika mashindano ya Ardennes nchini kwao, alipinduka vibaya, gari likawa chuma chakavu, yeye akatoka mzima. Watu wakasema jina la Shetani hakupewa bure.

Kisha ukaja mwaka 1903 na siku kubwa ya pili ya maisha yake. Kombe la Gordon Bennett lilikuwa likishindaniwa Ireland, kwenye barabara za kando ya mji wa Athy. Kampuni ya Mercedes ilikuwa imeandaa magari yenye nguvu za farasi 90. Majuma machache kabla ya mashindano kiwanda chao cha Cannstatt kikashika moto, magari hayo yakateketea. Ikabidi waombe. Wateja waliokuwa wameshanunua magari ya kawaida ya nguvu za farasi 60 walibembelezwa wayarudishe kwa mkopo, na Jenatzy akapewa la Mmarekani mmoja tajiri aitwaye Clarence Gray Dinsmore. Kwa hivyo aliingia uwanjani na gari la kuazima! Tarehe 2 Julai aliliendesha kwa zaidi ya saa sita na nusu, kilomita 527 hivi, kwa wastani wa karibu kilomita 80 kwa saa, akawa wa kwanza.

Sasa linganisheni wenyewe. Mwaka 1899 mtu huyu alikwenda kilomita moja kwa umeme. Mwaka 1903, mtu yuleyule, ndevu zilezile, alikwenda kilomita 527 kwa petroli, mwendo unaozidi safari ya Nairobi hadi Mombasa. Kasi ya juu ya gari la petroli siku hiyo haikuwa ajabu kwake, alikuwa ameshaiona. Kilichomhamisha ni lile debe. Nimesoma waandishi wanaosema gari la umeme lilishindwa kwa sababu lilikuwa goigoi. Huo ni uongo mtupu, na mimi ni mmoja wa walioueneza. Lilishindwa kwa sababu ya kujazwa.

Mwaka 1904 alishika nafasi ya pili katika kombe hilohilo nchini Ujerumani, nyuma ya Mfaransa Léon Théry. Baada ya hapo nyota yake ya mashindano ilianza kufifia, akarudi Brussels kwenye biashara ya ukoo, akauza tairi zenye jina lake. Nayo magari ya umeme yaliendelea kwa muda kama magari ya mjini, hasa Marekani, ambako yalipendwa na kina mama waliochoka na ule mkono wa chuma. Thomas Edison alitumia miaka mingi akitafuta betri bora ya nikeli na chuma, na akaipata, lakini bado haikuwa ya kujazwa kwa dakika. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ikaanza kuuza gari la petroli linalowashwa kwa mota ndogo ya umeme. Mkono wa chuma ukaanza kusahaulika, na sifa kubwa ya gari la umeme ikaenda nao. Kinaya kilichoje, umeme ulitumika kuuzika umeme!

Kifo cha Jenatzy ni cha ajabu, na nisingekiamini kama kisingekuwa kimeandikwa na wengi. Mwezi wa Disemba 1913 alikuwa na marafiki zake wakiwinda katika misitu ya Habay-la-Neuve kusini mwa Ubelgiji. Alikuwa mtu wa mizaha. Usiku akajificha kichakani akaanza kuguna kama nguruwe mwitu ili awatishe wenzake. Mmoja wao, rafiki yake wa karibu mwenye gazeti mjini Brussels, akachukua bunduki akafyatua kuelekea kwenye sauti. Mguno ukageuka kilio cha mtu. Wakampakia garini wakakimbia naye hospitali, lakini alitokwa na damu nyingi akafia njiani. Inasimuliwa kwamba gari hilo lilikuwa Mercedes, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kutabiri atafia katika Mercedes, ingawa bila shaka alidhani atakuwa ameshika usukani. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Ingekuwa ni mimi ninayeamua, makala yangeishia hapo. Lakini mwalimu wa Fizikia hakunipa ruhusa, kwa kuwa swali la debe lilikuwa bado mezani. Je, leo limejibiwa?

Kwa upande wa kasi hakuna ubishi. Mwaka 2010 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio huko Marekani, wakishirikiana na kampuni ya Venturi ya Monaco, walipeleka gari la umeme kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville likakimbia wastani wa kilomita 495 kwa saa. Waliliitaje? Jamais Contente. Wanafunzi, tena! Nimelitaja hilo makusudi ili wenzangu wa klabu ya sayansi waache kutucheka sisi wa Kiswahili na badala yake waanze kazi.

Kwa upande wa kujaza, mambo yamesogea mbali kuliko nilivyodhani. Betri za risasi zimepisha betri za lithiamu, nyepesi na zenye tumbo kubwa. Mwaka 2019 kampuni ya Porsche ilitoa gari la umeme la volti 800 lililoweza kujazwa kutoka asilimia 5 hadi 80 kwa dakika zipatazo 22, mradi chaja iwe yenye nguvu za kutosha na betri isiwe baridi. Mbona volti 800? Wanafunzi wa kidato cha nne wanajua. Ukitaka nguvu ileile, ukiongeza volti maradufu ampea zinapungua nusu, na joto katika waya linapungua mara nne. Joto ndilo adui mkubwa wa kuchaji upesi. Machi 2025 kampuni ya BYD ya Uchina ilitangaza magari ya volti 1000 na chaja za megawati moja, ikisema dakika 5 zinatosha kutia umeme wa kilomita 400. Hilo sasa linaanza kufanana na debe la Jenatzy.

Mbona kila mara wanasema mpaka asilimia 80? Nilidhani ni ujanja wa wauzaji. Nikaeleweshwa hivi: betri inapojazwa ni kama matatu stendi. Abiria wa kwanza wanaingia mbio na kukaa wanapotaka. Matatu ikikaribia kujaa, kila anayeingia anatafuta pengo, anaomba wenzake wasogee, na ukiwasukuma kwa nguvu mtu ataumia. Ndivyo ilivyo kwa chembe za lithiamu, hivyo mtambo wenyewe hupunguza mwendo wa chaji, na asilimia 20 za mwisho zaweza kuchukua muda sawa na zile zote za kwanza.

Hapa kwetu tumeanza. Tangu mwaka 2022 mabasi ya umeme yanabeba abiria Nairobi, na kwa kawaida hujazwa usiku yakiwa yamelala. Bodaboda za umeme nazo hubadilishana betri vituoni kwa dakika chache, mtindo uleule wa teksi za New York za karne ya 19, na wengi wetu tunadhani ni uvumbuzi wa juzi. Lakini gari lenye mbio la mtu binafsi, linalotaka kwenda mbali na kujazwa upesi, hilo ni jambo jingine. Soketi ya nyumbani yenye ampea 13 kwa volti 240 inatoa kilowati 3 tu. Betri ya kilowati-saa 75 ikichomekwa hapo itachukua saa 25 kujaa. Yaani mwenye gari la mamilioni anaweza kujikuta anasubiri kuliko mzee wa betri ya televisheni.

Gari la Jenatzy halijapotea. Limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la magari huko Compiègne, Ufaransa. Mwenye bahati ya kufika huko anaweza kuiona ile risasi na kile kiti cha punda.

Mjadala utarudiwa muhula ujao, na nimemwomba katibu aniweke upande wa watetezi. Mpinzani wangu amekwisha kunitumia swali lake mapema, kwa dharau. Anasema ni usiku wa kuamkia Krismasi, magari 50 ya umeme yameingia Mtito Andei kwa pamoja, na kila moja linataka chaja ya kilowati 350 ili lifike Mombasa. Nimepiga hesabu: ni megawati 17 na nusu, karibu sehemu moja ya sita ya nguvu za bwawa zima la Turkwel, zinatakiwa katika mji mmoja mdogo kwa nusu saa. Bado sijampatia jibu. Jioni hii nitapita tena kwa mwalimu wa Fizikia.